Kituo cha hali ya hewa cha shule, nyuzi 6 na dakika 48 kusini: shajara ya mradi

Mradi: kituo kidogo cha kupima hali ya hewa pamoja na mlingoti wa kivuli, ndani ya kiwanja cha shule ya sekondari upande wa Temeke, Dar es Salaam. Wapimaji ni wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa zamu. Tunapima mvua, jotoridi, unyevuanga, upepo na kivuli cha adhuhuri.

Jambo moja linaongoza kazi yote. Kanuni nyingi za vitabuni kuhusu vifaa hivi zilitungwa na watu wanaoishi mbali na Ikweta, mahali ambapo jua la adhuhuri hukaa upande uleule mwaka mzima. Dar es Salaam jua huhama: sehemu ya mwaka liko kaskazini kwetu, sehemu liko kusini. Kwa hiyo kila kanuni inapitishwa kwanza kwenye latitudo yetu, ndipo msumari upigwe.

Januari: kutafuta mahali

Kifaa kizuri hakiwezi kuokoa mahali pabaya. Viwanja vya shule za mjini vimebanwa: madarasa ya ghorofa huku, ukuta wa jirani kule, mwembe katikati, na panapobaki ni njia ya wanafunzi au uwanja wa paredi. Kipimamvua kinatakiwa kikae mbali na kila kitu kwa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho, kimo chenyewe kikihesabiwa kutoka usawa wa mdomo wa kipimamvua. Kwa vile kimo cha ghorofa hakijaandikwa popote, ni rahisi zaidi kutumia pembe. Kitu kilicho umbali wa mara mbili ya kimo chake huonekana kwa mwinuko wa nyuzi 26 na nusu. Chochote kinachozidi hapo, iwe paa, tawi au nguzo ya umeme, kipo karibu mno.

Kipimapembe kinatengenezwa kwa vitu vya darasani: protrakta ya nusu duara, mrija wa soda uliobandikwa kwenye ukingo ulionyooka, uzi uliofungwa katikati ya ukingo huo, na nati ya kuuvuta uzi chini. Ukitazama mbele sawasawa, uzi unaangukia 90. Ukiinua mrija hadi ncha ya paa, unatoa namba ya uzi kwenye 90, na kinachobaki ndiyo pembe ya mwinuko. Mpimaji achuchumae ili jicho lisogee karibu na usawa wa mdomo wa kipimamvua. Akisimama wima atapata pembe ndogo kuliko ilivyo na mahali pabaya pataonekana pazuri. Anayetazama asisome namba mwenyewe, kwa maana akigeuza kichwa mrija nao unageuka. Mwenzake ndiye abane uzi kwa kidole na kusoma.

Mwembe upimwe upya kila mwaka, kwa sababu unakua.

Ardhi ya kituo iwe na nyasi fupi. Zege na ardhi tupu hurusha matone ya mvua pembeni, na mchana hupasha hewa iliyo juu yake. Kama nyasi zimekwisha kwa kukanyagwa, pandikizeni mapema kabla ya Masika na mzungushie uzio wa waya wenye matundu makubwa, usiozuia upepo.

Februari: kipimamvua

Kipimamvua cha shaba ni kizuri lakini hakidumu mahali ambapo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku na mikokoteni. Tumechagua plastiki: faneli moja kubwa, dumu la lita 5, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Vyote vinapatikana Kariakoo kwa mzunguko mmoja.

Mantiki yake ni hii. Mvua ya milimita 1 ni tabaka la maji lenye unene wa milimita 1 juu ya eneo lolote lile. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 14 ina nusu kipenyo cha 7, na eneo la mdomo wake ni 3.1416 × 7 × 7, yaani sentimita za mraba 153.9. Milimita 1 juu ya eneo hilo ni mililita 15.4. Hivyo maji yote yanayovutwa kwa bomba la sindano yanagawanywa kwa 15.4, na jibu ni milimita za mvua. Mkikuta faneli ya kipenyo cha sentimita 11.3, inunueni hiyohiyo: eneo lake ni sentimita za mraba 100, na kila mililita 10 ni milimita 1 kamili, bila kikokotoo.

Dumu la lita 5 chini ya faneli ya sentimita 14 linabeba mvua ya takriban milimita 325. Chupa ya maji ya lita 1.5 ingebeba milimita 97 tu. Mafuriko ya Desemba 2011 katika jiji hili yalikuja na mvua ambayo ingeifurisha chupa ya namna hiyo, na kipimamvua kinachofurika siku ya mvua kubwa kinapoteza kipimo kilichokuwa na thamani kuliko vyote vya mwaka.

Mambo yanayoharibu kipimo:

Faneli za bei nafuu si duara kamili. Pima kipenyo mara nne kwa kuzungusha rula, kisha chukua wastani. Kosa la milimita 2 kwenye kipenyo cha milimita 140 linakuwa kosa la karibu asilimia 3 kwenye mvua, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe katika eneo. Pima ukingo wa ndani, wala si wa nje. Plastiki ina unene.

Mdomo ukilala upande, eneo linalopokea mvua linapungua. Weka pima maji juu ya ukingo, kwanza mashariki–magharibi kisha kaskazini–kusini, na urudie kila baada ya mvua kubwa kwa sababu mchanga wa Dar unatitia.

Dumu likiachwa juani maji hupungua kabla ya kupimwa. Chimba shimo, lifukie hadi mdomo wa faneli ubaki sentimita 30 juu ya ardhi. Shimo liwe na kokoto chini, la sivyo wakati wa Masika maji ya ardhini yatalielesha dumu na kulisukuma juu. Pale ambapo shingo ya faneli inaingia kwenye dumu, ziba kwa raba iliyokatwa kwenye ndala kuukuu ili maji ya juu ya ardhi yasiingie na mbu wasipate pa kutagia. Dumu linamwagwa kila asubuhi hata kama lina matone mawili.

3 Machi: jua utosini

Karibu na tarehe hii, na tena karibu na 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya Dar es Salaam. Mlingoti uliosimama wima unabaki bila kivuli. Kati ya 3 Machi na 10 Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu na kivuli kinaelekea kusini. Miezi iliyobaki jua liko kusini na kivuli kinaelekea kaskazini. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kivuli cha adhuhuri kinaonyesha kaskazini" yuko sahihi kwetu kwa chini ya miezi mitano kwa mwaka.

Mlingoti ni nondo nyembamba ya mita 1 kamili kutoka sakafu hadi ncha, iliyosimamishwa kwa timazi katikati ya kijukwaa cha saruji cha mita 1.6 kwa 1.6. Kijukwaa nacho kinapimwa kwa pima maji, maana mteremko mdogo tu hurefusha kivuli upande mmoja na kukifupisha upande mwingine. Ncha ya kivuli huwa na ukungu, kwa sababu jua si nukta: upana wake angani ni karibu nusu nyuzi. Suluhisho ni kibati kidogo chenye tundu la milimita 5 kilichofungwa juu ya nondo, katikati ya tundu ikiwa ndiyo mita 1. Badala ya kuwinda ncha yenye ukungu, mnaweka alama katikati ya doa la mwanga.

Kaskazini ya kweli inapatikana hapo hapo. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 70 kuzunguka nondo. Asubuhi, doa linapogusa duara likiingia ndani, weka alama. Alasiri, linapogusa tena likitoka, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo ni magharibi–mashariki, na mstari unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini–kusini. Dira tunaitumia kuhakiki tu, tena mbali na paa la bati na nguzo zenye nondo. Dira iliyoshikwa barazani mwa darasa husoma chuma cha jengo pamoja na usumaku wa dunia, na simu hufanya vivyo hivyo.

Mistari hiyo imechongwa kwenye saruji. Kila kifaa kingine kituoni kinaelekezwa kutoka hapo.

Machi: kisanduku cha Stevenson

Kisanduku cha kukaa vipimajoto kimetengenezwa na seremala wa Keko kwa mbao za paini. Mninga ungedumu zaidi, ila ni mzito na bei yake haiendani na mfuko wa shule. Mhandisi Mskoti Thomas Stevenson alilenga jambo moja: kipimajoto kipime joto la hewa, wala si joto la jua linalokipiga. Hewa ipite, mwale usipite. Kila sehemu ya kisanduku inajibu mojawapo ya hayo mawili, na ni vyema wanafunzi wasikie hivyo kabla hawajaanza kukariri orodha ya sifa zake kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne.

Vipimo vyetu vya ndani ni upana sentimita 50, kina 40, kimo 55. Kuta zote nne ni luva za tabaka mbili, vibao vikikutana kama paa la nyumba kwa pembe ya nyuzi 45, ili jicho lisione ndani kutoka upande wowote. Paa ni plaiwudi mbili zenye nafasi ya sentimita 3 katikati. Ya juu inapokea jua, na hewa inayopita katikati inaondoa joto kabla halijafika ya chini. Sakafu ni mbao tatu zisizogusana, ya katikati ikiwa imeinuliwa kidogo juu ya nyingine. Hapa simama karibu na fundi. Mafundi wengi, kwa kupenda kazi safi, huziba sakafu kabisa na kuifunika kingo kwa ripu, na kisanduku kinageuka jiko. Ukitaka kujua kama hewa inapita, shika ubani unaofuka chini ya sakafu, paa likiwa limekwishafungwa: moshi utoke kwenye luva za pande zote bila kutuama ndani.

Miguu ni mbao za mbili kwa tatu, sehemu inayoingia ardhini ikiwa imepakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Urefu wake umepangwa ili balbu za vipimajoto ziwe kati ya mita 1.25 na 2 juu ya nyasi. Za kwetu ziko kwenye mita 1.4, macho ya mwanafunzi wa kawaida yakizifikia bila kupanda kigoda. Rangi ni nyeupe ya mafuta, mikono mitatu, ndani na nje. Hewa ya bahari na vumbi la mtaani hufifisha weupe haraka, na kisanduku chenye rangi ya vumbi husoma joto zaidi mchana.

Sasa mlango. Kanuni ya vitabu ni kwamba mlango uelekee upande ambao jua halifiki: kaskazini kwa walio kaskazini mwa dunia, kusini kwa walio kusini. Tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo wengi hapa huweka mlango wa kusini na kuishia hapo. Tazama Desemba. Saa 3 asubuhi jua liko mashariki na kuegemea kusini, karibu nyuzi 115 kutoka kaskazini, kimo chake angani karibu nyuzi 39. Anayefungua mlango wa kusini saa hiyo anaukaribisha mwale moja kwa moja kwenye balbu, na kipimajoto kinaanza kupanda kabla hajamaliza kusoma. Kisanduku chetu kina milango miwili, kusini na kaskazini, kila mmoja na bawaba zake na kufuli lake. Wa kusini unatumika jua likiwa kaskazini, wa kaskazini unatumika jua likihamia kusini. Gharama iliyoongezeka ni bawaba mbili na kufuli moja.

Machi, mwishoni: vipimajoto

Kabla ya kuning'inizwa, kila kipimajoto kimejaribiwa kwenye barafu. Pondaponda barafu ya maji ya kunywa, ijaze kwenye chupa ya chai, ongeza maji baridi kidogo mpaka yaonekane katikati ya vipande, zamisha balbu, subiri mpaka kioo kitulie. Kinatakiwa kisome 0. Kikisoma 0.5, andika "toa 0.5" kwenye kipande cha plasta na ukibandike nyuma yake. Usitumie vipande vikavu vilivyotoka moja kwa moja kwenye friza. Hivyo viko chini ya 0.

Jaribio hili lina uzito wa pekee kwa jozi ya balbu kavu na balbu mbichi, yaani vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimevikwa utambi wenye maji, ambavyo tofauti yao hutoa unyevuanga. Chukua mfano wa balbu kavu nyuzi 31 na mbichi 26: unyevuanga ni karibu asilimia 66. Balbu mbichi ikisoma 25, unakuwa karibu asilimia 60. Kosa la nyuzi 1 linakula asilimia 6. Katika jiji ambalo unyevu ndio unaoamua kama joto la 31 linavumilika, tofauti hiyo ni kubwa.

Utambi ni kitambaa cha melimeli cheupe kilichochemshwa kuondoa wanga wa kiwandani, kikavalishwa balbu kama soksi na ncha yake kuzamishwa kwenye kichupa kilichowekwa kando, kisikae chini ya balbu kavu. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Chumvi ikiganda kwenye utambi maji hayaruki vizuri na balbu mbichi inasoma juu kuliko inavyopaswa. Tunatumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi. Utambi unabadilishwa kila wiki. Balbu mbichi ikisoma sawa na kavu wakati nje kuna jua kali, ujue utambi umekauka, wala usiandike asilimia 100.

Kipimajoto cha juu na chini ni kile cha umbo la U, alichokitengeneza James Six katika karne ya 18. Vijiti viwili vidogo vya chuma vinasukumwa na zebaki na kuachwa pale ilipofika. Kinachosomwa ni ncha ya chini ya kijiti, ile iliyokuwa imegusana na zebaki. Karibu kila anayeanza husoma ncha ya juu, na upande wa joto la chini, ambako namba zinapanda kwenda chini, anapata jibu lenye sura ya ukweli kabisa. Baada ya kusoma, vijiti vinarudishwa kwa sumaku hadi viguse zebaki. Mlango ukibamizwa vijiti vinaruka. Na kwa kuwa ndani kuna zebaki, kikivunjika hakuna kufagia wala kugusa kwa mkono: wanafunzi waondoke, mwalimu akusanye matone kwa karatasi ngumu ndani ya chupa yenye kifuniko.

Aprili: Masika, na nidhamu ya daftari

Vipimo vinachukuliwa saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Saa hizo ni saa 06 na saa 12 za saa za kimataifa, ambazo vituo vya hali ya hewa duniani kote hupima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo namba ya mwanafunzi wa Temeke inaweza kuwekwa kando ya namba ya kituo cha uwanja wa ndege bila hesabu ya kusogeza muda. Kipimo cha saa 3 na nusu, kwa sababu kipindi cha kwanza kilichelewa, kiandikwe hivyohivyo, saa 3 na nusu.

Mvua iliyokutwa asubuhi tunaiandika kwenye tarehe ya jana, kwa kuwa saa nyingi za mkusanyiko wake zilikuwa jana. Joto la juu lililosomwa asubuhi nalo ni la jana. Joto la chini ni la leo. Mfumo wowote unafaa ilimradi usibadilike katikati ya mwaka. Mvua ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ikikutwa Jumatatu, inaandikwa kama jumla ya siku tatu kwa mabano makubwa kuvuka mistari yote mitatu. Haigawanywi kwa tatu. Kuigawanya ni kutengeneza siku tatu ambazo hazikuwepo. Jumla ya mwezi inabaki sahihi, ila idadi ya siku za mvua haihesabiki, na hilo linaandikwa chini ya ukurasa.

Namba za kutungwa zinajitambulisha. Balbu mbichi haiwezi kuzidi kavu. Joto la chini haliwezi kuwa juu ya balbu kavu ya saa 3 asubuhi. Joto la juu la jana haliwezi kuwa chini ya kilichosomwa jana saa 9 alasiri. Na mtu anayebuni hupenda .0 na .5, ukurasa ambao hauna .2 wala .7 hata moja uchunguzwe. Kiongozi wa zamu anafanya ukaguzi huu kabla ya kusaini, na mstari ulioshindwa haufutwi, unazungushiwa kalamu nyekundu. Nafasi tupu ni bora kuliko namba ya uongo, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema ili wasiogope kuiacha.

Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Dar es Salaam kwa kawaida, ukanda wa mvua ukiwa unapita kuelekea kaskazini kulifuata jua. Ni wakati wa kuonyesha milimita inamaanisha nini. Milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la madarasa la mita 20 kwa 8 linapokea lita 160 kwa kila milimita. Mvua ya milimita 50 ni lita 8,000, yaani tanki la lita 5,000 linajaa na kumwagika. Panua hesabu hiyohiyo hadi kilomita ya mraba 1: milimita 50 ni mita za ujazo 50,000. Mto Msimbazi unakusanya maji kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Selander, ukipita katikati ya mabati na lami ambavyo havinyonyi tone. Mwanafunzi akishika hesabu hiyo anaelewa kwa nini Jangwani, bondeni mwa mto huo, inafurika hata siku ambayo mvua ya mtaani kwake haikuwa ya kutisha. Ndiyo maana daftari letu lina safu ya saa mvua ilipoanza na ilipokoma: milimita 40 kwa saa moja na milimita 40 kwa siku nzima haziiletei Jangwani shida ileile.

Juni: kipimahewa cha puto, kimeondolewa

Vitabu vingi vinapendekeza kutengeneza kipimahewa, kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, kwa chupa ya kioo, puto lililovutwa mdomoni na mrija kama mshale. Kwetu hakifai. Hewa iliyofungwa kwenye chupa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi, mgandamizo wake unapanda kwa takriban hektopaskali 3.4. Katika tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa hektopaskali 2 au 3 hivi, ukiwa juu mnamo saa 4 asubuhi na chini mnamo saa 10 jioni, na mabadiliko kati ya siku na siku ni madogo. Darasani joto hupanda nyuzi kadhaa kabla ya mchana. Mshale unaonyesha joto tupu. Baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo, na moja ikipatikana inatosha kuchora kupanda na kushuka huko kwa siku.

Julai: upepo

Kipimaupepo kiko juu ya bomba la chuma, juu kuliko paa. Mkia wa bati una eneo kubwa kuliko kichwa cha mshale, lakini uzito wa pande mbili uko sawa kwenye egemeo. Bila hivyo mshale unaegemea upande mmoja siku za upepo mdogo. Egemeo ni beringi ya gurudumu la baiskeli iliyotiwa grisi. Mshale unaonyesha upepo unakotoka, na herufi za pande zimeelekezwa kwa mistari ya kijukwaa.

Nguvu tunaikadiria kwa kipimo cha Beaufort. Daraja la 3, kilomita 12 hadi 19 kwa saa: majani na vitawi vinacheza bila kupumzika, bendera ya shule inanyooka. Daraja la 4: vumbi na karatasi vinainuka uwanjani.

Miezi hii ni ya Kusi, na mwanafunzi anatarajia mshale usimame kusini-mashariki kutwa. Hausimami. Asubuhi mara nyingi upepo ni dhaifu na unatoka bara, kwa sababu usiku nchi kavu imepoa kuliko bahari. Alasiri nchi imepata joto na upepo wa bahari unaingia kutoka mashariki na kujumlika na Kusi. Bila vipimo viwili kwa siku, pepo hizo mbili zinachanganyika kwenye wastani mmoja. Tunachora waridi la upepo (mchoro wa mara ngapi upepo umetoka kila upande) la saa 3 peke yake na la saa 9 peke yake, halafu yanawekwa ubavu kwa ubavu.

1 Septemba: longitudo kwa saa ya mkononi

Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45 mashariki. Sisi tuko magharibi ya hapo, kwa hiyo jua linafika kwenye mstari wetu wa kaskazini–kusini baada ya saa 6 kamili mchana. Kiasi cha kuchelewa kinabadilika mwaka mzima kwa sababu kasi ya dunia kuzunguka jua hubadilika, tena mhimili wake umelala. Karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba marekebisho hayo ni sifuri. Aprili kuna mawingu, Juni na Desemba zinaangukia au kukaribia likizo. 1 Septemba ndiyo tarehe ya kufanyia kazi, na siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu.

Usitafute dakika ambayo kivuli ni kifupi kuliko zote. Karibu na adhuhuri urefu haubadiliki kwa macho kwa dakika nyingi. Tumia duara la sentimita 70: andika saa doa linapoingia na saa linapotoka, chukua katikati. Kwa tarehe hii doa huingia karibu saa 4:16 asubuhi na kutoka karibu saa 8:30 mchana; katikati yake ni saa 6:23. Jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi 1, hivyo 23 gawanya kwa 4 ni 5.75, na 45 toa 5.75 ni 39.25 mashariki. Ramani inasema karibu 39.28. Dakika moja ya kosa ni robo ya nyuzi, kama kilomita 28, yaani kutoka hapa hadi ndani ya bahari. Kwa hiyo saa ya mpimaji ilinganishwe kwanza na saa ya mtandao wa simu.

Septemba, ikwinoksi

Tarehe 22 au 23 jua liko juu ya Ikweta, na pembe ya kivuli cha adhuhuri ndiyo latitudo yenyewe. Nondo ya mita 1 hapa inatoa kivuli cha karibu sentimita 12 kuelekea kusini. Tanjenti ya pembe ni 0.12, pembe ni nyuzi 6.8. Zidisha kwa kilomita 111: Ikweta iko takriban kilomita 755 kaskazini yetu. Kosa la milimita 5 kwenye kivuli ni kosa la karibu nyuzi 0.3, kilomita zaidi ya 30, na ndipo kibati chenye tundu kinapolipa gharama yake. Kwa kulinganisha, 21 Juni kivuli ni karibu sentimita 58 kuelekea kusini, na 22 Desemba karibu sentimita 30 kuelekea kaskazini. Alama za tarehe hizo zinachongwa kwenye kijukwaa zinapofika, hazichorwi kutoka kwenye hesabu.

10 Oktoba: kubadilisha mlango

Mlango wa kusini umefungwa kwa kufuli lake, na kuanzia sasa unatumika wa kaskazini. Kisanduku kimesuguliwa msasa na kupakwa mkono mmoja wa rangi kabla Vuli haijakolea. Mwembe umepimwa: tawi la upande wa kipimamvua limefika nyuzi 25, linakatwa wiki hii. Dumu limetolewa, likaoshwa ukungu, likarudishwa na raba mpya.

Grafu ya mvua na jotoridi ya mwaka wa kwanza itachorwa miezi 12 ikikamilika, na itawekwa kando ya wastani wa miaka 30 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kidato cha pili wanaanza kufuatana na zamu za sasa kuanzia Novemba baada ya upimaji wao wa taifa, ili daftari lisikatike wakati wa kupokezana. Bado kunahitajika: utambi wa akiba wa miezi sita, bomba la sindano la pili, na mtu anayeishi karibu na shule wa kupima mvua ya likizo ya Desemba.